Bisibisi za Mkwe

Kabla jogoo wa jirani hajawika, nilisikia kitu kikikwaruza nyuma ya ukuta. Kwaruu. Kimya. Kwaruu tena. Nikadhani ni panya ameingia kwenye debe la mchele niliokuja nao kutoka Majimoto. Nikaketi kitandani, nikatega sikio. Panya hapumui kwa kuchoka. Huyu wa nyuma ya ukuta alivuta pumzi ndefu, akaiachia, kisha chuma kikateleza juu ya chuma na mtu akafyonza kwa maumivu.

"Mayu, lala," binti yangu Minza alininong'oneza. Alikuwa amelala upande wa ukutani, mtoto kifuani. "Ni mwenzangu, yuko gereji."

"Gereji giza lote hili?"

"Ana tochi ya simu."

"Tochi anaishika na nini, na mikono yote miwili iko kazini?"

Minza alimvuta mtoto karibu. Halafu akasema polepole, "Anaishika kwa meno."

Sikulala tena. Nilibaki nikisikiliza ile kwaruu mpaka mwanga ulipoanza kuingia chini ya mlango, ndipo ikakoma, na nikasikia nyayo za mtu zikienda kasi kuelekea kisimani.

Nilikuja Kasokola kwa ajili ya Minza. Mtoto wake alitoka kwa upasuaji, na daktari alimkataza kuinua hata ndoo. Kwa hiyo nikafunga mlango wangu, nikaja kupika, kufua na kumwogesha mjukuu. Nyumba yao ni ndogo. Mimi na Minza na mtoto tulilala chumbani, na mkwe wangu, Anicet, akahamia stoo kwenye magunia ya mahindi bila kunung'unika.

Gereji yake ni banda la mabati lililoegemea nyuma ya nyumba, analotengenezea pikipiki. Banda hilo linaangalia uani, na jiko liko upande wa pili wa uani. Nikikaa jikoni naona kila kitu gerejini. Na hilo ndilo lililokuwa tatizo, ingawa nilichelewa kulijua.

Sisi Wasukuma tuna heshima ya ukwe. Mama mkwe na mkwe hawali chombo kimoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Anicet si Msukuma. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa huku Katumba. Lakini aliishika heshima yetu kuliko vijana wetu wenyewe. Tangu nilipofika hatukuwa tumesemeshana hata neno. Akitaka kupita uani alikohoa kwanza, nami nikageukia moto. Na kila alfajiri nilikuta madumu yamejaa maji mlangoni mwa jiko, na kuni zimekatwa fupi fupi, kwa sababu siku ya kwanza aliniona nikihangaika na kuni ndefu kwenye mafiga. Hakuambiwa na mtu. Aliona tu.

Ila mchana kutwa hakufanya kazi gerejini. Alikwenda shambani, au alikaa mbele ya nyumba akitazama barabara. Nikajiuliza kama nimemkosea.

Asubuhi ile alikuja Rafaeli, dereva wa bodaboda. Rafaeli ni Mfipa, mtani wetu, na Mfipa akimwona Msukuma hawezi kunyamaza.

"Hodi! Wasukuma wameamka, au nyie bado mnahesabu ng'ombe usingizini?"

"Karibu, Mfipa. Tumeamka zamani, tunakungoja wewe uje ufagie zizi."

"Bibi, mimi nikifagia zizi la Msukuma, babu zangu watafufuka waniulize nani kaniloga."

Tulicheka. Lakini alipotazama gerejini, kicheko kilimwisha. Pikipiki yake ilikuwa imesimama mle, ubavu mmoja wa injini ukiwa umezungukwa na matundu ya skrubu, na bado mfuniko wake umeng'ang'ania.

"Bibi, mwambie mkweo..."

"Mimi na mkwe wangu hatuambiani."

"Basi Minza amwambie. Hii pikipiki ndiyo shamba langu. Ilikuwa kubadilisha pleti za klachi tu, kazi ya asubuhi moja. Sasa inalala hapa kama mgonjwa. Kesho nikija nikikuta bado, naikokota mpaka Mpanda mjini kwa mafundi wengine. Sina ugomvi naye, Mungu anajua. Ila watoto hawali subira."

Alipoondoka, Minza alikaa kwenye kizingiti cha jiko akaanza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto kwenye kofia.

"Rafaeli ndiye anayetuletea wateja," alisema. "Akiondoka yeye, wenzake wa kijiweni wanamfuata. Na Anicet ameshasema, gereji ikifa anakwenda machimboni kwenye dhahabu. Kuna gari linaondoka wiki hii, wamemwekea nafasi. Mayu, mtoto hajatimiza hata arobaini."

"Kwani huo mfuniko una nini?"

"Skrubu moja imegoma. Zingine amezitoa kwa taabu. Kwenye hii bisibisi inateleza tu, inaila kichwa. Leo alfajiri imeteleza ikamchoma kiganja cha kushoto. Ndiyo amekwenda zahanati kufungwa kidonda."

Nikamfuta mtoto kofia. Nikamwambia Minza akalale. Kisha, kwa kuwa mwenye gereji hakuwepo, nikavuka uani nikaingia.

Mimi si fundi. Lakini nimepika miaka mingi, najua chombo kilichochoka. Bisibisi zake zilikuwa zimelala kwenye ubao, zote za rangi moja nyekundu. Minza alishaniambia zilinunuliwa mnadani, kwenye boksi la kung'aa, siku walipofungua gereji. Zile za nyota, ambazo ncha zake zina msalaba, msalaba ulikuwa umelika ukawa kama ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Ya bapa moja ilikuwa imejikunja. Nyingine kisogo chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka, maana ilitumiwa kama patasi. Na mipini yote ilikuwa myembamba, laini, yenye mafuta. Nikaushika mmoja, ukazunguka mkononi mwangu kama samaki.

Nikasema moyoni, huyu kijana hajashindwa kazi. Ameshindwa na vyombo hivi.

Lakini kumnunulia mtu mpini si sawa na kumnunulia sukari. Nilihitaji kujua ukubwa wa mkono wake, na mkono wa mkwe sijawahi kuushika. Nikatazama huku na huku. Karibu na mlango wa banda, kwenye ukuta wa nyumba, palikuwa na alama ya kiganja cha mafuta meusi, mahali anapojishikiza akiinuka. Nikaweka kiganja changu juu yake. Changu kilimezwa chote. Nikachomoa unyasi kwenye fagio, nikaupima kuanzia mwanzo wa kiganja hadi ncha ya kidole cha kati, nikaukata.

Halafu nikachukua skrubu mojamoja ya kila aina kutoka kwenye kopo la siagi alimozihifadhi: ya mfuniko wa injini, ndogo ya taa, na moja ya bapa. Nikazifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwomba jirani akae na Minza, nikapanda bajaji kwenda Mpanda.

Nilianzia duka la kwanza nililoliona, muuzaji hakuacha simu yake. La pili muuzaji aliniambia, "Bibi, bisibisi ni bisibisi," nikamshukuru nikatoka. La tatu, nyuma ya soko, lilikuwa la mwanamke anayeitwa Annonciata. Kabla sijasema shida yangu alinisogezea ndoo iliyofunikwa kitambaa, akasema, "Kaa kwanza, mama, umetembea." Nikakaa. Akanipa maji. Ndipo akauliza.

"Nataka bisibisi za fundi pikipiki."

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Ni mkwe wangu."

"Mbona hakuja?"

"Hajui kama nimekuja."

Akanitazama, akacheka mpaka akashika meza. "Jamani! Mimi mama mkwe wangu aliniletea maneno tu, wewe unaleta bisibisi!"

Alinishushia boksi kubwa. Lilifunguka kama Biblia, ndani vipande vingi vya kung'aa, vikubwa kwa vidogo, hadi vya kufungulia simu. "Hili linatoka sana," alisema. Nami sitadanganya, lilinivuta. Sisi kwetu kitu kingi ndicho kitu. Nikaona ninavyolitua pale gerejini, Rafaeli anapiga mluzi.

Lakini nilikuwa na skrubu zangu. Nikafungua pindo la kanga, nikaichukua ile ya mfuniko wa injini, nikatia ndani yake ncha iliyoonekana kulingana. Nikatikisa. Ikacheza kama jino bovu. Nikajaribu kubwa yake, haikuingia. Ndogo yake, ikaanguka.

"Misalaba haifanani, mama," Annonciata alisema, sasa hacheki. "Kwa macho unaona ni nyota zote. Lakini skrubu za pikipiki hizi kina chake ni kingine. Ukilazimisha, bisibisi inapanda juu na kuila."

"Ndiyo inayomtesa. Sasa niletee mojamoja, tujaribu."

Mteja mwingine alikuwa amesimama nyuma yangu akitaka misumari. Annonciata akamwambia, "Ngoja, kaka, mama anachagua," na yule kaka naye, badala ya kukasirika, akasogea kutazama. Tukajaribu moja, tukaweka kando. Ya pili, tukaweka kando. Tulipofika kwenye moja yenye ncha nyeusi, skrubu iliingia ikatulia. Nikailaza bisibisi. Skrubu haikuanguka, ikabaki imejishikilia pale kwenye ncha kama mtoto mgongoni.

"Ina sumaku," alisema yule kaka.

Annonciata akagusisha ncha kwenye msumari. Msumari haukunasa. "Haina. Imekaa tu mahali pake."

Kisha akanigeuzia upande wa mpini. "Na uone hapa. Chuma chake hakikuishia katikati, kimepita hadi kisogoni. Fundi akiigonga kwa nyundo haipasuki. Na hapa shingoni kuna pembe sita, unaweza kuishika kwa spana ukazungusha, skrubu ikigoma."

Nikatoa unyasi wangu nikauzungushia kwenye mpini. "Mkono wa urefu huu, utashika vizuri?"

"Mama, umempima mkweo?"

"Nimepima ukuta."

Alicheka tena, yule kaka naye, akanyoosha mkono wake kwenye unyasi. Ulilingana. Akaushika mpini mara kadhaa, akaukaza, akaulegeza. Akanyoosha kidole kwenye chupa ya mafuta ya kupaka, Annonciata akampa tone. Akausugua mpini kwa kiganja chenye mafuta, akajaribu kuuzungusha. Ule mpira wa mpini haukuteleza. "Huu ni mpini," alisema. "Mimi ni seremala. Huu ni mpini." Nikaona amechafua mkono wake bure kwa ajili ya mtu asiyemjua, nikamwombea baraka.

Nilinunua chache. Za nyota za ukubwa unaofaa skrubu zangu, za bapa mbili, na moja fupi kama kidole gumba kwa ajili ya mahali pasipopitisha mkono. Boksi kubwa nikaliacha. Fedha ya mchele niliouza kabla ya kusafiri ilitosha, na Annonciata alinifungia kwa gazeti bila kunidai mfuko. "Mwambie asizifanye patasi," alisema. "Patasi zipo, aje anunue."

Niliporudi, Anicet alikuwa amesharudi kutoka zahanati, kiganja kimefungwa, ameketi mbele ya nyumba. Nikakohoa. Akainuka akapisha. Nikaingia gerejini, nikatandika gunia safi, nikazipanga zile bisibisi juu yake, skrubu nikazirudisha kwenye kopo. Nikaenda jikoni nikamwambia Minza, "Mwite mwenzako aone."

Niligeukia moto kama ipasavyo. Nilisikia nyayo zikiingia bandani. Halafu sauti ya chuma kikiwekwa chini taratibu, kikachukuliwa tena.

"Minza," alisema. "Mwambie mama... mwambie asante. Mwambie alfajiri nitajaribu."

"Alfajiri?" nikamuuliza Minza, kwa sauti ya kutosha kufika gerejini. "Jua liko wazi. Rafaeli anakuja asubuhi. Kwa nini asijaribu sasa?"

Minza akapeleka swali. Akarudi, akiwa ameinama. "Anasema wewe upo."

"Mimi nipo jikoni. Nitageukia ukuta."

"Anasema mikono yake itachafuka."

"Fundi akichafuka mikono kuna nini?"

Minza alienda tena, na safari hii alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa ameziba mdomo. "Mayu, anasema siku ile alipoleta mahari Majimoto, baba mdogo Manyanda alimfundisha kuwa mama mkwe akimwona mkwe na mikono michafu, ni matusi kwa ukoo mzima, na binti anarudishwa kwao."

Nikasahau mwiko wangu nikageuka. Manyanda! Ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye maishani mwake hajawahi kukaa kwenye arusi bila kumtania mtu. Na huyu kijana, kwa kuwa ni wa watu wengine na alitaka kutuheshimu, akalipokea kama amri ya Musa. Ndiyo maana mchana hafanyi kazi. Ndiyo maana tochi kwa meno. Mimi niliyekuja kuwasaidia, ndiye niliyemfungia gereji.

Nilicheka mpaka kilemba kikanianguka. Halafu nikaona haya, kwa kuwa hakucheka yeye.

"Mwambie," nikasema, "hakuna mwiko kama huo kwetu wala kwa mtu yeyote. Mwambie Manyanda mwenyewe ni mchunga ng'ombe, mikono yake tangu azaliwe sijaiona safi. Mwambie mikono yake ndiyo inayomlisha mjukuu wangu."

Hakukuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Alikuwa amesikia. Baada ya muda kidogo nikasikia nyundo ikigonga kisogo cha bisibisi, tap, tap, ikiikalisha kwenye skrubu. Kisha akaanza kuzungusha. Kisha akaguna.

"Kiganja," Minza alisema. "Hawezi kuisukuma na kuzungusha spana kwa mkono mmoja. Ngoja nikamsaidie."

"Na mshono wako? Kaa hapo."

Nilitazama njiani kama kuna mtu. Ulikuwa msimu wa mavuno, majirani wote walikuwa mashambani, na yule aliyekaa na Minza alishaondoka. Nikajifunika kanga kichwani, nikaivuta mpaka usoni kama bibi arusi, nikavuka uani. Anicet aliponiona alirudi nyuma hadi akagonga mabati.

Sikumtazama. Nikaketi kwenye kigoda kando ya pikipiki, uso wangu umeelekea ukutani, nikaweka viganja vyangu viwili kisogoni mwa bisibisi nikasukuma. Mikono hii imetwanga mpunga tangu utotoni. Nikasubiri.

Kisha nikasikia spana ikishika shingo ya bisibisi.

"Mama," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. "Sukuma zaidi."

"Nasukuma."

"Zaidi kidogo, mama. Kama unaogopa vile."

"Naogopa nini? Wewe ndiye unaogopa, zungusha!"

Nilisikia kicheko kidogo puani mwake. Spana ikakazwa. Bisibisi ilitetemeka chini ya viganja vyangu, lakini haikupanda, haikuteleza. Halafu kitu kikalia kra! na skrubu ikageuka. Akazungusha tena, sasa bila nguvu, na ile skrubu ikatoka ikaanguka kwenye gunia.

Nikainuka nikarudi jikoni, kanga usoni. Nyuma yangu alianza kupiga mluzi, wimbo wa kanisani kwao, na mchana kweupe akafanya kazi.

Rafaeli alikuja asubuhi akiwa na kamba ya kukokotea. Pikipiki ilikuwa nje, imefungwa, imefutwa. Akaipiga kiki, ikaitika. Akazunguka nayo hadi barabarani akarudi, akazima.

"Klachi inashika kama Mfipa kwenye mahari," alisema. "Nani kakusaidia?"

"Msukuma," Anicet akajibu.

"Toka hapa!"

Siku iliyofuata waliletwa wagonjwa wengine wawili kutoka kijiweni. Gari la machimboni lilipopita kumchukua, Anicet alitoka na bisibisi mkononi akazungumza nao dirishani, nao wakaenda bila yeye. Minza aliangalia kutoka mlangoni, mtoto begani. Aliingia ndani akautoa mkoba wa Anicet uliokuwa umefungwa chini ya kitanda, akayatundika mashati yake moja moja.

Nilikaa mpaka mtoto akatimiza arobaini na Minza akaweza kuchota maji mwenyewe. Siku ya kuondoka, Rafaeli alikuja kunichukua hadi stendi. Minza alinikumbatia muda mrefu. Anicet alikuwa gerejini, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na sikujua kama atakohoa au atapisha. Alitoka akasimama uani, mbali kidogo kama heshima inavyotaka, akitazama miguu yangu.

"Mama," alisema, "ukifika umsalimie mzee Manyanda. Mwambie namdai jogoo kwa kunidanganya."

"Nitamwambia. Atakudanganya tena."

"Najua." Akafuta mikono kwenye suruali, akaificha nyuma, halafu akaitoa tena mbele. "Mama, usikae sana bila kuja. Usisubiri mtoto mwingine. Njoo tu."